Kitanda Usichokilalia: Historia ya Mengo na Uuguzi wa Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, maofisa na askari wa jeshi na wa polisi, wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kwa mambo yaliyo mbali na kitanda. Leo tunaichukua kama ilivyo, kwa kuwa jambo tunalotaka kulieleza linahusu kitanda hasa: kitanda cha mtu mwenye maradhi yasiyopona, aliyerudishwa kwake baada ya madaktari kukiri kwamba hawana tena dawa ya kuyaondoa maradhi hayo. Je, ni nani anayekwenda kukitazama kitanda hicho? Ni nani anayeupima mlango wa chumba, akahesabu hatua za kwenda chooni, akamwuliza mke au binti anavyomwinua mgonjwa wake? Swali hili laonekana dogo. Lakini historia ya Mengo, katika mji wa Kampala, yatuonyesha kwamba ni swali kubwa, na kwamba jibu lake limechelewa.

Kwanza tulifafanue jambo lenyewe. Huduma ya hospisi ni huduma ya kumpunguzia maumivu na kumhifadhia heshima yake mtu asiyetarajiwa kupona. Mtu huyo hahitaji dawa peke yake. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa ya mgongo, au mwenye miguu iliyokwisha nguvu, anahitaji pia vitu vya kumwezesha kuketi, kugeuka, kuoga na kujisaidia bila kudhalilika: godoro linalofaa, kiti cha magurudumu, magongo, kiti chenye tundu na ndoo chini yake, kishikio kilichopigiliwa ukutani. Vitu hivyo havifai kutolewa kwa kukisia. Kiti cha kawaida cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa sentimita 60 hadi 70. Ikiwa mlango ni mwembamba kuliko hivyo, kiti kitabaki nje. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 15 kinadai mteremko wenye urefu wa karibu sentimita 180 ili mtu mmoja aweze kukisukuma kiti kwa usalama. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. La sivyo ngozi ya mgongo na ya nyonga huharibika na kufanya vidonda vya kulalia, ambavyo uchungu wake huweza kuushinda hata ule wa maradhi yenyewe.

Ninyi mlio askari mnaelewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Hakuna ofisa anayepeleka kikosi mahali bila kutanguliza wapelelezi wa kutazama njia, mito na madaraja. Hakuna mpelelezi wa polisi anayeandika taarifa ya mahali pa tukio bila kufika, kupima kwa futi na kuchora ramani. Kupima nyumba ya mgonjwa ni kazi ya namna hiyohiyo. Anayetoa kifaa bila kuiona nyumba anafanana na anayetuma gari zito kwenye daraja ambalo hajalipima.

Sasa tugeukie historia. Dakta Albert Cook wa chama cha misheni cha CMS aliwasili Mengo mwezi wa Februari mwaka 1897. Reli ilikuwa haijafika, naye alitembea kwa miguu kutoka Mombasa, mwendo unaozidi kilomita 1,000, katika msafara ambamo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson. Wawili hao walioana mwaka 1900. Mengo wakati ule ilikuwa makao ya Kabaka na mji mkuu wa ufalme wa Buganda. Hospitali iliyoanzishwa kwenye kilima cha Namirembe, ng'ambo ya Lubiri, ilikuwa ya matete na nyasi. Radi iliiteketeza mwaka 1902, ikajengwa tena kwa matofali.

Wagonjwa wa miaka ile waliletwa kwa machela au kwa kubebwa mgongoni na ndugu zao. Aliyeweza kubebwa alifika. Asiyeweza alibaki kwake, isipokuwa mganga amfuate. Na Dakta Cook alifuata. Mwaka huohuo wa 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Uganda Rifles waliasi na kuishika ngome ya Luba huko Busoga. Dakta Cook alikwenda huko kuwatibu majeruhi. Basi tangu mwaka wake wa kwanza hospitali ya Mengo ilijifunza kwamba kuna watu ambao hawawezi kuifikia, na kwamba ni juu ya hospitali kuwafikia watu hao.

Lakini mganga mmoja hawezi kufika kila mahali. Ndipo likaja funzo la pili, na hilo ndilo kiini cha maoni yetu ya leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hospitali ya Mengo ilitumiwa kuwa hospitali ya majeruhi wa vita. Mwaka 1917 Mengo ilianza kuwafunza vijana Waafrika kazi ya uganga, na katika wakati huohuo vijana wa Uganda waliosoma katika shule za misheni waliingizwa katika kikosi cha uganga cha Waafrika, wakaenda kuwauguza askari na wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya vita, Katharine Cook aliwafunza wakunga wa Kiafrika, nao wakatoka Mengo kwenda kufanya kazi katika vituo vya mashambani. Walikuwako watu waliodhani kwamba kazi hizo zilikuwa za Wazungu wenye shahada tu. Matokeo yaliwasuta. Mama wa kijijini hakumpata daktari, bali alimpata mkunga aliyefunzwa, na mkunga huyo akaokoa maisha yake.

Ndugu wasikilizaji, liwekeni akilini funzo hilo: huduma humfikia mwananchi siku ile kazi inapokabidhiwa mtu anayefika mlangoni pake, baada ya kufunzwa ipasavyo.

Katika mambo ya vifaa, Kampala ina mfano wake mwingine wa kujivunia. Kati ya mwaka 1960 na 1972 daktari wa mifupa Ronald Huckstep alifanya kazi katika Makerere na Mulago, akiwashughulikia watoto na watu wazima waliolemazwa na polio. Vifaa vya kutoka Ulaya vilikuwa ghali, na vingi havikufaa maisha ya vijijini. Kwa hiyo vyuma vya kushikilia miguu, viatu vya mbao na viti vya magurudumu vilitengenezwa hapahapa, kwa vitu vinavyopatikana hapa na kwa mikono ya mafundi wa hapa. Mwaka 1975 daktari huyo alitoa kitabu cha kuzielekeza nchi zinazoendelea namna ya kuushughulikia ugonjwa huo pamoja na vifaa vyake. Historia hiyo yathibitisha kwamba Kampala ilijua zamani jinsi ya kutengeneza kifaa kinachomfaa mtu wake.

Ukaja wakati wa ukimwi. Vitanda vya hospitali vilijaa, na wagonjwa wakarudishwa majumbani mikononi mwa mama na nyanya zao. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, na mwaka huohuo hospitali za misheni za Nsambya mjini Kampala na Kitovu huko Masaka zilianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Wauguzi walioingia katika vyumba vya Kisenyi na Katwe waliona mambo ambayo faili la hospitali halikuyaandika: mgonjwa aliyelazwa mkekani juu ya saruji, choo cha shimo kilicho ng'ambo ya mtaro, mama wa miaka 70 anayejaribu kumwinua mwanawe mtu mzima.

Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na katika Hospisi ya Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda. Kazi ilianzia katika nyumba ndogo iliyotolewa na hospitali ya Nsambya, kwenye kilima kilekile chenye kambi ya polisi, na baadaye ikahamia Makindye, mahali ambapo askari wengi wa jeshi wanapafahamu vizuri. Dakta Merriman, aliyefariki mwaka 2025, alileta mofini ya maji: unga wa mofini ukachanganywa na maji na dawa ya kuuhifadhi usiharibike, ukatiwa rangi ya kuonyesha nguvu yake, na mgonjwa akainywa nyumbani kila baada ya saa nne. Dawa hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza na ya bei nafuu. Mtu aliyekuwa akilia usiku kucha aliweza kulala.

Hata hivyo, kikwazo kilibaki. Sheria ilitaka daktari ndiye aandike dawa hiyo, na madaktari walikuwa wachache. Kijijini hapakuwa na daktari, kwa hiyo hapakuwa na mofini. Serikali ya Uganda ililitazama jambo hilo na kuchukua hatua ambayo nchi nyingi hazikuthubutu kuichukua. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili muuguzi na tabibu msaidizi aliyepata mafunzo maalumu ya huduma hii aruhusiwe kuandika mofini. Wenye hofu walisema dawa itaibwa na kutumiwa vibaya. Jibu la Serikali halikuwa maneno matupu, bali utaratibu: mafunzo, cheti, daftari na ukaguzi. Kuanzia mwaka 2011 dawa hiyo imekuwa ikitengenezwa na hospisi kwa ushirikiano na Serikali kwa ajili ya nchi nzima, na mgonjwa haitozwi fedha.

Tazameni basi jinsi historia ilivyojirudia. Mkunga wa Mengo baada ya vita, na muuguzi wa mofini wa mwaka 2004, ni watu wa ukoo mmoja. Kila mmoja alikabidhiwa kazi iliyokuwa imefungiwa kwa wachache, na kila mmoja aliifikisha mlangoni.

Twafika sasa mahali ambapo safari imekwama. Dawa imekwenda nyumbani, lakini kipimo cha nyumba hakikufuatana nayo. Mtaalamu wa tiba kazi, ambaye elimu yake ni kutazama mwili wa mtu pamoja na mahali anapoishi na kuamua kifaa gani kinamfaa, ni mtu adimu katika Afrika Mashariki, na aghalabu hufanya kazi katika hospitali kubwa. Mgonjwa anayehitaji kupimiwa nyumba yake anaambiwa aje hospitali apimwe. Lakini angeweza kuja, angekuwa hana haja kubwa ya kupimiwa nyumba! Na mgonjwa wa hospisi hana miezi ya kungoja. Kifaa kinachofika baada ya mazishi kimewafikia waombolezaji, hakikumfikia mgonjwa.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna sajini mstaafu anayekaa katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo, katika mabonde yaliyo chini ya kilima cha Mengo. Ana saratani ya tezi ya kiume iliyofika mifupani. Anapata mofini yake kwa wakati, na maumivu yamepungua. Lakini kitanda chake ni cha chini mno, hawezi kusimama bila kuvutwa mikono, na kila anapovutwa mifupa inauma upya. Choo kiko nje, mbele ya ngazi tatu. Kwa sababu ya haya ameacha kunywa maji ili asihitaji kwenda, naye mzee aliyezoea kutoa amri uwanjani hakubali kuwaambia wanawe sababu hiyo. Muuguzi akimwuliza habari za maumivu, hujibu kwamba nafuu ipo. Ni yule tu atakayekitazama kitanda na kuitembea njia ya chooni ndiye atakayeijua shida yenyewe. Na dawa ya shida hiyo huenda ikawa matofali manne ya kukiinua kitanda, kiti chenye tundu, na kishikio kimoja cha mti mgumu.

Ulimwengu umekwisha kuyatambua mambo haya. Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, na ilipofika mwaka 1969 wauguzi wake walikuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu, likasisitiza kwamba kiti kisichopimwa chaweza kumdhuru anayekikalia. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa shirika hilo ulizitaka nchi ziingize huduma ya wagonjwa wasiopona katika mipango yao ya afya. Mwaka 2016 ikatoka orodha ya aina 50 za vifaa muhimu vya kuwasaidia watu wenye udhaifu wa mwili. Mwaka 2018 mkutano huo ukapitisha azimio juu ya vifaa hivyo. Uganda yenyewe ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuihesabu huduma ya wagonjwa wasiopona miongoni mwa huduma za lazima katika mpango wake wa afya wa mwaka 2000. Kwa hiyo sera hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu mwenye utepe wa kupimia, anayebisha hodi.

Maoni yetu ni kwamba mlango uliofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya mofini ufunguliwe pia kwa ajili ya upimaji wa nyumba. Muuguzi wa hospisi aliyekwisha kuingia chumbani kwa ajili ya dawa afunzwe kupima mambo machache yasiyohitaji shahada: kimo cha kitanda, upana wa mlango, idadi ya ngazi, umbali wa choo, hali ya ngozi ya mgongo, na nguvu za yule anayeuguza. Ayaandike katika karatasi moja siku ya kwanza ya kumtembelea mgonjwa, wala asingoje mpaka vidonda vitokee. Mambo mazito yapelekwe kwa mtaalamu wa tiba kazi, ambaye hapo atakuwa anasoma vipimo badala ya kubahatisha. Wasaidizi wa kujitolea wa hospisi, pamoja na vikundi vya afya vya vijijini ambavyo Uganda ilivianzisha mwaka 2001, waweza kufunzwa kuitambua hatari na kutoa habari.

Wako watakaosema kwamba muuguzi atakosea. Ni kweli kwamba anaweza kukosea. Lakini kosa la sentimita mbili laweza kusahihishwa kesho, na mgonjwa ambaye hakutembelewa kabisa hana kesho ya kusahihishiwa. Wengine watasema kwamba nchi isiyo tajiri inunue dawa kwanza. Nao tunawajibu kwamba utepe wa kupimia hauna gharama kubwa, na kwamba hasara iliyo kubwa zaidi ni ile ya kugawa viti na magodoro yasiyofaa, yakaishia kuwa viti vya kuanikia nguo. Tena vifaa vya hospisi ni vya kuazimwa kwa tabia yake: mmoja akipumzika, mwingine anahitaji. Daftari la kuazimia na kurudisha, linalotunzwa kwa nidhamu ya ghala la jeshi, lingekifanya kiti kimoja kiwahudumie wengi.

Wala hatuna sababu ya kungoja meli. Chini ya Mengo ipo Katwe, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa mafundi wake wa vyuma. Fundi anayechomelea mageti na majiko hashindwi kuchomelea kiti chenye tundu au kishikio cha kitandani, akipewa kipimo sahihi. Kazi ya Mulago ya miaka ya 1960 ilikwisha kuthibitisha hivyo.

Na ninyi askari mna nafasi yenu. Katika kambi zenu wako watu wanaowauguza wazazi, wake na watoto katika vyumba vidogo. Wako pia wastaafu walioitumikia bendera na sasa wamelala wakitazama dari. Ofisa anayekagua mabweni asiishie kutazama usafi. Aulize pia ni nyumba gani yenye mgonjwa asiyeinuka, na habari hiyo aifikishe kwa muuguzi wa kikosi. Askari wanajua kubeba majeruhi bila kumwumiza. Elimu hiyo wamfundishe jirani anayeuguza, kwani wengi wanaouguza majumbani ni wanawake ambao migongo yao imevunjika kwa kunyanyua bila kufundishwa.

Ndugu wasikilizaji, Dakta Cook alifariki mwaka 1951 na kuzikwa Namirembe, karibu na hospitali aliyoianzisha. Wakunga wa kwanza wa Mengo nao wamekwisha kutangulia. Walituachia majengo, lakini kubwa kuliko majengo walituachia desturi ya kumfuata mgonjwa asiyeweza kuja. Desturi hiyo imeipeleka dawa ya maumivu mpaka chumbani. Yaliyobaki ni hatua chache kutoka mlangoni hadi kitandani, na mwenye kuzitembea ni yule aliyekwisha kuingia. Apewe mafunzo, apewe idhini, naye apime.